Injini ya 1HZ ndani ya FJ45 ya zamani: gari limewaka, sasa mbona linasumbua?

Pikapu ya Toyota Land Cruiser FJ45 ya mwaka 1978 ilikaa chini ya mwembe miaka mingi kabla mwenyewe, mzee mmoja wa Lushoto, hajaamua kuifufua. Injini yake ya asili ilikuwa 2F ya petroli, silinda 6, sisi (cc) 4,230, nzito na imara ila inakunywa petroli kama maji. Mzee akanunua 1HZ ya dizeli iliyotumika, ikiwa imeshikana na giaboksi ya gia 5, ile H55F. Siku tulipoiwasha mara ya kwanza watoto wa mtaa mzima walikuja kushangilia. Kisha zikafuata wiki tatu za kuhangaika, na karibu kila tatizo lililojitokeza tulianza kwa kuisingizia injini.

Nasema hivi mapema kwa sababu naona mafundi wengi wanapotea hapohapo. 1HZ ilianza kutoka mwaka 1990, ina sisi 4,164, haina tabo (turbo) wala kompyuta, na ikiwa ilikuwa inatembea vizuri kwenye gari ilikotoka, kosa mara nyingi haliko ndani yake. Kosa liko pale kipya kinapokutana na kikuukuu: waya, mpira, shafti, maunti (vishikizo vya injini), tundu la sakafu. Usifungue silinda hedi kabla hujamaliza kukagua maungio hayo. Na kila unapobadilisha kitu, badilisha kimoja tu, jaribu, andika ulichokiona. Fundi anayebadilisha vitu vitano kwa mpigo hata akiponya tatizo hajui ameliponya kwa nini, na likirudi atabadilisha vitu vitano tena.

Nimepanga dalili kufuatana na zinavyojitokeza, kuanzia giaboksi ikiwa bado inaning'inia kwenye cheni.

Giaboksi inakaribia injini lakini inagoma kukaa

Umesukuma, umetikisa, imebaki nafasi ya sentimita moja hivi na haiendi. Kabla ya yote, chukua kipimo uone nafasi hiyo iko sawasawa mzunguko mzima au upande mmoja ni pana zaidi.

Kama juu ni pana na chini ni finyu, au kinyume chake, giaboksi imelala vibaya. Shusha au pandisha jeki ya injini hadi nafasi ilingane pande zote. Angalia pia kama kuna waya wa stata au mpira wowote umebanwa katikati. Nimewahi kukuta tambara.

Kama nafasi iko sawa pande zote, shafti ya giaboksi imefika mahali inagonga. Kuna mambo matatu. La kwanza, klachi pleti haijakaa katikati, kwa hiyo shafti inapita kwenye meno ya pleti lakini haioni tundu la beringi ndogo iliyo katikati ya fulaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini). La pili, beringi yenyewe ndogo siyo yake: tundu lake ni dogo kuliko ncha ya shafti, au mtu kaipiga nyundo ikaingia upande. La tatu, klachi pleti imegeuzwa, upande wa nyuma umewekwa mbele. Pleti nyingi zina kitovu kilichotokeza zaidi upande mmoja, na upande huo hutazama giaboksi.

Kwa gari la mzee ilikuwa hiyo beringi. Nilishusha giaboksi, nikapaka grisi kidogo kwenye ncha ya shafti, nikairudisha taratibu mpaka ikagoma, nikaishusha tena. Grisi ilikuwa imeacha alama ya pete kwenye uso wa beringi, haikuingia ndani hata kidogo. Nilipopima kwa kalipa, tundu lilikuwa dogo kwa chini ya milimita moja. Kitu cha bei ndogo kabisa katika kazi yote.

Naomba hili ulishike: usivute giaboksi kwa boliti. Ukikaza boliti ili zimalizie ile sentimita moja, unavunja masikio ya nyumba ya klachi, ambayo ni ya aluminiamu, au unapinda klachi pleti, na pleti iliyopinda utaisikia kwa muda wote gari litakapotembea. Giaboksi iliyopangwa vizuri inaingia kwa kusukumwa na mikono ya watu wawili, na boliti kazi yake ni kushikilia tu.

Stata inazunguka kivivu kama betri imekufa

Betri mpya, imejaa chaji, lakini stata inasema *wuu… wuu… wuu* kisha kimya. Hapa kuna sababu mbili kubwa, na zote mbili zilitupata.

FJ45 ni gari la volti 12. Injini nyingi za 1HZ zinazokuja kama mtumba zimetoka kwenye magari ya soko la Japani, na hayo yana stata ya volti 24. Stata ya 24 ukiilisha 12 itazunguka, ila bila nguvu. Safisha stata kwa brashi ya waya usome kibati chake au maandishi yaliyogongwa kwenye mwili wake. Ukiwa hapo soma pia altaneta, hita plagi na ile soleinoidi (vali ya umeme) ya kukata mafuta juu ya pampu ya dizeli. Hita plagi ya volti 24 ikipewa 12 joto lake linabaki kama robo tu, kwa hiyo asubuhi ya baridi Lushoto utazungusha mpaka betri ichoke. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: hita plagi za 12 ukizipa 24 zinaungua baada ya muda mfupi. Amua gari zima litakuwa la volti ngapi, kisha ubadilishe kila kitu kifuate uamuzi huo. Kwetu tulichagua 12 kwa sababu taa, honi na mita za dashibodi vyote vilikuwa vya 12.

Tulipoweka stata ya 12, uvivu ukapungua lakini haukuisha. Mzee alikuwa amekaa ndani anawasha, mimi niko mbele, nikanusa plastiki inaungua. Nikashika kebo ya mafuta, ile inayotoka kwenye pedeli kwenda kwenye pampu: ilikuwa ya moto kiasi cha kunichoma kidole, na ganda lake limeanza kulainika. Waya wa athi kati ya injini na chasisi haukuwepo. Injini inakaa juu ya mipira ya maunti, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo umeme wote wa stata ulikuwa unatafuta njia ya kurudi betri kupitia kebo nyembamba ya mafuta.

Kipimo chake ni rahisi. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma tupu cha injini, kisha mtu azungushe stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, athi ni mbovu. Siku ile tulisoma zaidi ya volti 4. Tukafunga waya mnene kutoka hasi ya betri hadi kwenye bloku ya injini, mwingine kutoka bloku hadi chasisi, tukakwangua rangi mpaka chuma king'ae, na stata ikalia kama mpya.

Stata iko sawa, injini haiwaki au inawaka kisha inazima

Anza na soleinoidi ya pampu. Fungua swichi bila kuzungusha stata, mtu mwingine aweke sikio karibu na pampu: lazima asikie *tak* moja. Kama kimya, mafuta hayapiti, na waya wake ndio wa kutafuta. Kosa la kawaida ni kuuchukua umeme kwenye waya unaokatika wakati stata inazunguka. Ukiona injini inataka kuwaka hasa pale unapoachia ufunguo, ndiyo hiyo.

Kama *tak* ipo, tafuta hewa. Tangi la FJ45 lilitengenezwa kwa petroli, mabomba yake yana umri wa miaka zaidi ya 40, na pampu ya 1HZ inavuta mafuta yenyewe kutoka tangini, haisukumiwi. Bomba linalovuja wakati wa kusukumiwa utaona tone la mafuta. Bomba linalovuja wakati wa kuvutwa halitoi tone hata moja, linaingiza hewa tu, na ndiyo maana watu wanakagua chini ya gari, wanaona pakavu, wanasema bomba ni zima. Weka kipande cha mpira wa plastiki unaopitisha mwanga kati ya filta na pampu. Washa injini, tazama. Vipovu vikipita kama uzi, rudi nyuma kiungo kwa kiungo hadi tangini.

Kuna jambo jingine ambalo limewapotezea mafundi siku nzima. Boliti mbili zinazobana mabomba ya pampu, ile ya mafuta kuingia na ile ya mafuta kurudi tangini, zinafanana sana. Ile ya kurudi ina kitundu chembamba ndani na kichwani imegongwa neno OUT. Ukizibadilisha nafasi, injini inawaka vizuri kabisa, inanguruma vizuri, lakini ukipanda mlima haina nguvu, maana pampu inakunywa kupitia tundu la sindano. Soma vichwa vya boliti kabla ya kuagiza nozeli mpya.

Na bomba la kurudi lazima lirudi tangini kweli. Magari ya petroli ya zamani mengine hayana njia hiyo, lakini usizibe ile ya pampu kwa sababu hiyo.

Gia zinakwaruza, hasa rivasi

Zima injini, ingiza gia zote. Zikiingia laini injini ikiwa imezima lakini zinakwaruza ikiwaka, klachi haiachii. Kuhakikisha: injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagiwa mafuta), kanyaga klachi mpaka chini, hesabu hadi 5, ingiza rivasi. Rivasi haina sinkronaizi, kwa hiyo haifichi kitu. Ikikwaruza bado, klachi pleti inaendelea kuzunguka.

Toa hewa kwenye mafuta ya klachi kwanza, kama kawaida. Ikishindikana, pima mwendo wa kijiti cha silinda ya chini, ile inayosukuma uma wa klachi: weka rula, mtu akanyage, soma milimita. Pedeli ya FJ45 na silinda yake ya juu vilitengenezwa kwa klachi ya 2F. Sasa unavitaka visukume presha pleti ya injini nyingine. Kijiti kisipofika mbali vya kutosha, kuna njia mbili tu, silinda ya juu iwe nene zaidi au ya chini iwe nyembamba zaidi. Ukitoka silinda ya juu ya milimita 16 kwenda ya 19, mafuta yanayosukumwa yanaongezeka kwa takriban asilimia 40, na pedeli inakuwa nzito kwa kiasi hichohicho. Hakuna njia ya kupata mwendo bure.

Kama mwendo wa kijiti ni mzuri na bado inakwaruza, ile beringi ndogo ya fulaiwili imekamata shafti, au pleti imepinda pale mtu alipovuta giaboksi kwa boliti.

Breki imekuwa ngumu kama jiwe

Hapa sitaki mtu apite haraka. Injini ya petroli inavuta hewa kupitia kabureta, na mvuto huo ndio unaoifanyia kazi busta ya breki (kile kinachoupunguzia mguu kazi). Dizeli haina kizuizi hicho kwenye njia yake ya hewa, kwa hiyo mpira wa busta ukiuchomeka kwenye manifodi ya 1HZ hakuna kitu utakachopata. Injini ina pampu yake ya vakyumu, na mpira wa busta lazima utoke huko, na vali yake ya njia moja ielekee sawa.

Jaribu hivi: injini ikiwa imezima, kanyaga breki mara 5 au 6 mpaka pedeli iwe ngumu. Shikilia mguu palepale, washa injini. Pedeli lazima izame kidogo chini ya mguu wako. Isipozama, busta haipati vakyumu na gari hilo halitoki getini.

Halafu kuna breki ya mkono, na hili limenitia wasiwasi kuliko yote. FJ45 za miaka ile breki yake ya mkono haiko kwenye magurudumu, iko kwenye dramu nyuma ya transfa (sanduku linalogawa nguvu kwa eksli za mbele na nyuma), inashika shafti ya nyuma. Ukileta giaboksi na transfa kutoka Land Cruiser za baadaye, ambazo breki ya mkono iko magurudumuni, dramu hiyo inapotea. Leva bado iko ndani ya kebini, unaivuta, inakaza waya ambao hauelekei popote. Sisi tuligundua mzee alipoegesha gari kwenye kamteremko ka nyumbani kwake, likaanza kujiondokea taratibu, mjukuu wake akiwa amekaa kwenye bampa ya mbele. Mzee alirukia mlango akakanyaga breki. Aliniita jioni ile, sauti inatetemeka: "Mwanangu, breki ya mkono haipo kabisa." Nilimwomba radhi, na tangu siku hiyo breki ya mkono ndiyo ninayoijaribu kwanza kabla gari halijashuka kwenye mawe. Ama uhamishie dramu kwenye transfa mpya kama flenji zinakubali, ama uweke eksli ya nyuma yenye breki ya mkono magurudumuni na kebo zake.

Gari linatetemeka kuanzia kilomita 70

Mzee alisema linatetemeka kama lina homa. Swali langu la kwanza lilikuwa: unasikia wapi, kwenye usukani au kwenye kiti?

Fanya hesabu kidogo. Tairi za 7.50R16 zina mzunguko wa karibu mita 2.5. Kwa kilomita 80 kwa saa, tairi linazunguka kama mara 9 kwa sekunde. Difu ya gari hili ni 4.11, kwa hiyo propela shafti inazunguka kama mara 36 kwa sekunde. Mtikisiko wa tairi ni wa polepole, unaweza karibu kuuhesabu, na unausikia mikononi. Mtikisiko wa shafti ni mvumo unaopanda kwenye kiti na kwenye sakafu. Kisha ukiwa kwenye mwendo huo, barabara ikiwa tupu, kanyaga klachi injini ishuke. Mvumo ukibaki, unatokana na vinavyozungushwa na magurudumu. Ukiondoka, rudi kwenye maunti, fulaiwili na klachi.

Wa mzee ulibaki. Giaboksi ya gia 5 ni ndefu kuliko ile ya gia 4, kwa hiyo transfa inarudi nyuma. Shafti ya nyuma inatakiwa kufupishwa na ya mbele kurefushwa. Fundi wa kuchomelea alifupisha ya nyuma vizuri, nyoofu kabisa, ila wakati wa kuunganisha alizungusha uma mmoja. Simama ubavuni mwa shafti utazame: masikio ya krosi (kiungo cha shafti kinachojikunja) ya mbele na ya nyuma lazima yawe kwenye mstari mmoja. Ya mzee yalikuwa yamepishana kama mishale ya saa ikiwa saa 9 na dakika tano hivi. Shafti inaweza kuwa imefanyiwa balansi na bado ikatetemeka, kwa sababu krosi mbili zinatakiwa kufutiana kosa na sasa zinajumlishiana.

Yakiwa kwenye mstari na mvumo upo, pima pembe. Simu yako ina programu ya kupimia usawa, inatosha. Weka simu kwenye flenji ya transfa, kwenye shafti yenyewe, na kwenye flenji ya difu, gari likiwa limekanyaga chini kwa magurudumu yake. Tofauti ya shafti na transfa ilingane na tofauti ya shafti na difu, zisipishane zaidi ya digrii moja. Zikipishana, difu inainuliwa au kuinamishwa kwa kabari ya chuma kati ya springi na eksli. Kabari ya mbao sikubaliani nayo hata kwa siku moja.

Jambo la kufurahisha ukishamaliza hapo: gia ya 5 ya H55F ni 0.845, kwa hiyo kwa kilomita 100 injini inazunguka kama mara 2,300 kwa dakika, karibu na pale 1HZ inapotoa nguvu yake kubwa zaidi ya kuvuta, yaani mizunguko 2,200. Kwa gia ya 4 ingekuwa zaidi ya 2,700. Kelele inapungua mpaka mnaweza kuongea ndani ya kebini.

Linachemsha

Uliza linachemsha lini. Majibu mawili yanakupeleka njia mbili tofauti.

Likichemsha likiwa limesimama au kwenye foleni, lakini likitembea linapoa, tatizo ni upepo. Feni ya 1HZ haikai pale ilipokuwa ya 2F. Kama umeiacha mbali na rejeta bila kava la kuizunguka, inazungusha hewa ileile ya ndani ya boneti. Kava liwepo, na mapanga ya feni yawe nusu ndani ya mdomo wa kava na nusu nje.

Likichemsha mlimani tu, tatizo ni maji au rejeta. Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ilitufundisha hili: gari lilikaa vizuri kabisa hadi Mombo, lilipoanza kupanda, sindano ikapanda nalo. Tulisimama, tukasubiri lipoe, maana kifuniko cha rejeta ya moto hakifunguliwi kwa sababu yoyote. Tulipokuja kukagua tuligundua themostati imetolewa. Fundi wa kwanza alisema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Kwenye 1HZ hiyo ni hatari, kwa sababu themostati yake ina kisahani cha chini ambacho, maji yakipata moto, kinafunga njia ya mkato ya kurudi kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Unaondoa themostati ili lipoe, linachemka zaidi. Tuliweka mpya, sindano ikashuka, ikabaki juu kidogo ya kawaida. Hapo ndipo ikawa zamu ya rejeta yenyewe: ilikuwa ya zamani ya 2F, mirija ya chini imeziba kutu. Ukipitisha kiganja juu ya rejeta ikiwa ya vuguvugu unakuta viraka vya baridi, na hivyo ndivyo vilivyoziba.

Ukijaza maji upya, inua mbele ya gari, fungua vali ya hita, acha kifuniko wazi injini ikiwa sailensa mpaka vipovu viishe. Vikiendelea bila kuisha, na maji yanapungua, ndipo uanze kuongea habari za gasketi ya silinda hedi. Siyo kabla.

Na mtu akikushauri uongeze tabo kwenye injini hii, mwambie asubiri mpaka gari lipande Lushoto na mzigo kwa mwezi mzima bila sindano kusogea.

Linagonga chini kwenye mashimo, na gia inaruka

Kugonga mara nyingi ni sampu (bakuli la oili chini ya injini) na difu ya mbele kukutana. Gari likiwa tupu, limesimama, utaona nafasi nzuri kati yao na utasema haiwezekani. Chukua bonge la udongo wa mfinyanzi, libandike juu ya difu ya mbele chini kidogo ya sampu, pakia mzigo, tembea barabara mbaya kwa nusu saa. Udongo wetu ulirudi umebonyea, na katikati yake kuna alama safi ya kichwa cha boliti ya kutolea oili. Tulihitaji kuinua maunti za injini kwa milimita 15. Baada ya kuinua ikabidi tupime pembe za shafti upya, kwa hiyo ni vizuri jambo hili ulifanye kabla ya shafti.

Gia kuruka, hasa unapoachia mafuta ghafla kwenye mteremko, mara nyingi siyo giaboksi iliyochoka. Injini inajitingisha kwenye maunti, leva ya gia inagonga ukingo wa tundu la sakafu, na ukingo unaivuta gia itoke. Angalia shingo ya leva: ukiona mahali pamoja rangi imetoka na chuma kinang'aa, panua tundu hapo kwa sentimita mbili. Leva ya mzee ilikuwa na alama mbili, moja ya gia ya 3 na nyingine ya gia ya 5.

Limebaki jambo moja ambalo halina dalili yoyote mpaka siku linapotokea. Kwenye Land Cruiser ilikotoka, 1HZ huwa na taa ya T-BELT kwenye dashibodi, inayowaka kila kilomita 100,000 kumkumbusha dereva abadilishe taimingi beliti. Dashibodi ya FJ45 haina taa hiyo. Beliti ikikatika, vali zinagongana na pistoni. Na injini ya mtumba hujui imeshatembea kiasi gani, kwa hiyo tulibadilisha beliti na tensha siku ya kwanza, tukasoma kilomita zilizokuwa kwenye saa, na mzee mwenyewe akachukua brashi akaandika kwa rangi nyeupe kwenye bati la ndani ya boneti: kilomita za siku ile, na chini yake, kilomita za kubadilisha tena.